Risasi Yenye Kovu

Kalibu ya kusubia risasi aliyoachiwa Orrin Haskett na baba yake ilikuwa na matundu mawili, moja safi na moja lenye kovu. Ukimimina madini yaliyoyeyuka unapata vitu viwili kwa mpigo mmoja: risasi moja laini kama jino, na nyingine yenye kijistari kilichotuna ubavuni, chembamba kama unywele. Kwa macho huwezi kukiona vizuri. Ukipitisha ukucha ndio unakwama kidogo, hapo unajua.

Kovu lile alilitia Del. Hiyo ni stori ya zamani, enzi hizo Delbert Voss bado kijana, anamfukuzia Noreen, dada yake Orrin, na kila Jumamosi yuko kwenye karakana ya mzee anajipendekeza. Siku moja risasi ikanasa tunduni. Del hakusubiri kuambiwa, akachukua bisibisi akaichokonoa. Sasa mtu yeyote anayesubu risasi atakwambia kalibu inagongwa kwa kipande cha mti, taratibu, mpaka iachie yenyewe. Bisibisi haiingii humo. Mzee akaliangalia tundu, akamwangalia kijana, halafu akacheka mpaka akakohoa. Akasema huyu sasa hana pa kukimbilia, kishaharibu mali ya watu, bora aoe hapa hapa. Na Del akaoa kweli.

Tangu siku hiyo risasi za tundu lile zikaitwa za Del. Zile safi ni za kuwindia, za Del ni za kutungulia makopo. Ndivyo mzee alivyopanga, na mzee alipokufa Orrin akaendelea vile vile, wala hakujiuliza.

Kila mwaka kabla ya msimu, mashemeji hao wawili walikutana kwenye karakana nyuma ya nyumba ya Orrin, huko Montana, mlima umekaa mgongoni kabisa. Wote wawili wana bunduki za aina moja, magnamu za zamani zinazokula risasi nene kama kidole cha mwisho, bunduki za kumwangushia elki, yule kulungu mwenye mwili wa ng'ombe. Madini ya risasi waliyaokota kwa mafundi tairi, vile vipande vya kubalansi magurudumu, wakaviyeyusha kwenye chungu cha umeme, wakatupia kipande cha mshumaa ili takataka zipande juu, wakaziengua kwa kijiko. Orrin anashika upawa, Del anashika maneno. Risasi za mwanzo siku zote zinatoka na makunyanzi kwa sababu kalibu haijapata moto, hizo zinarudishwa chunguni. Hakuna anayesikitika. Mbovu inarudi chunguni, inayeyuka, inazaliwa upya.

Mwaka huu lakini haukuwa kama mingine. Orrin alikuwa kapata kibali.

Kwenye ule mlima huwezi kuamka tu ukaenda kupiga elki dume. Unaomba, jina lako linaingia kwenye bahati nasibu ya serikali pamoja na majina ya watu wa mji mzima na miji ya jirani, na wengi wanazeeka wanaomba tu. Orrin na Del walikuwa wakiomba tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Kiangazi hiki jina la Orrin likatoka. Na likatoka wakati wenyewe, maana goti moja alishawekewa la bandia na la pili daktari alishaanza kuliangalia kwa jicho la huruma. Orrin hakumwambia mtu, ila alijua mwenyewe: kuupanda mlima ule na bunduki begani kumebaki mara moja.

Na dume alikuwepo. Walimwita Askofu, kwa jinsi alivyosimama mbele ya majike yake kama anawahubiria. Del ndiye aliyemwona kwanza, miaka hiyo pembe zake bado vijiti. Wakamfuatilia na darubini kila kiangazi, akinenepa, pembe zikipanuka, mguu wake wa mbele ukiwa na alama nyeupe pale aliponaswa na waya wa uzio akajichomoa. Wakimzungumzia utadhani wanamzungumzia mtoto wa familia.

Siku kibali kilipofika Del alimkumbatia Orrin, akamnyanyua kabisa miguu ikaning'inia. Akasema yeye atamtafuta Askofu, atambeba Orrin, ataibeba na nyama, kazi ya Orrin ni kubonyeza kidole tu. Wakanywa bia. Noreen akaleta pai ya matunda ya porini, akambusu kaka yake kwenye upara. Ilikuwa siku nzuri. Orrin angeambiwa achague siku moja ya kuirudia, angesema hiyo.

Mwezi wa nane wakasubu. Orrin alizishughulikia zile safi kama mtu anapika harusi ya bintiye. Kila moja aliidondosha kwenye ndoo ya maji ikiwa ya moto ili ikaze, akaivalisha kikombe kidogo cha shaba kitakoni, akaipaka mafuta ya nta ya nyuki. Kisha ganda la kuitilia, fataki ya kuwashia, baruti kwenye mizani, chembe kwa chembe, halafu anashindilia kwa mashine. Baruti hakuijaza yote. Risasi ya kusubu nyumbani haina koti la shaba mwili mzima, ukiipiga kwa nguvu zote za magnamu inaacha utando ndani ya mtutu, na baada ya hapo hata ukilenga ghala hulipati.

Zile za Del nazo akazivalisha vikombe na nta, ila baruti akazipunguzia zaidi, za mchezo tu. Akajisifu, na hilo alikuja kulikumbuka sana. Akasema hizi hata hazitakupigia kelele masikioni, shemeji, mlio wake kama mtu kafunga mlango wa pikapu bondeni, ukiwa nyuma ya kilima hata mbwa haamki. Del akacheka, akaliweka boksi kwapani, akaenda nalo kwake.

Ikafika mwezi wa kumi. Asubuhi moja Orrin alikuwa amekaa barazani na kahawa yake, ukungu haujaondoka mtoni, akasikia huko juu mtu anafunga mlango wa pikapu. Kimya kidogo. Akafunga tena. Orrin akawaza watakuwa vijana wa ranchi ya jirani wanashusha ng'ombe kabla ya theluji. Akaingia ndani kutafuta sukari.

Msimu ulikuwa umekaribia kabisa alipopanda taratibu na fimbo yake kwenda kumchungulia Askofu. Alikuta kunguru. Walikuwa wengi, wamekaa kwenye misonobari kama watu wanaosubiri sinema ianze, na chini yao harufu ilimpokea Orrin kabla macho hayajaona kitu.

Kichwa kilikuwa hakipo. Kilikatwa pale shingo inapokutana na mabega, kwa msumeno, kazi safi. Kilichobaki kilikuwa mwili mzima, haujaguswa, tumbo limepasuka lenyewe, nyama ya mapaja imegeuka kijani. Nyama ya kulisha nyumba mbili majira yote ya baridi. Orrin akautafuta mguu wa mbele. Alama nyeupe ya waya ilikuwepo.

Sasa elewa, kule kwao mtu anaweza kulewa, anaweza kupigana kanisani, anaweza kukimbia na mke wa jirani, na bado wakamuuzia petroli na kumuuliza habari za watoto. Lakini mtu anayekata kichwa akaacha nyama ioze, huyo watu wakimwona dukani wanageukia rafu za sabuni.

Orrin akapiga goti lake la bandia chini, akatoa kisu. Upande wa pili wa mabega, chini ya ngozi, kulikuwa na vinundu viwili vigumu. Risasi mbili zilipita mifupani, zikakosa nguvu ya kutoboa ngozi ya upande wa pili. Magnamu iliyojazwa sawasawa ingetokea huko na kuendelea na safari. Mikono yake ikaanza kujua kabla kichwa hakijajua. Akakata, akatoa ya kwanza. Pua imebonyea, ubavuni ina mikwaruzo ya mtutu, kitakoni kikombe cha shaba bado kimekaa, na kwenye mfereji unaoshika nta zimenasa nywele na kipande cha nyama. Akaifuta upande mmoja kwenye suruali, akapitisha ukucha.

Ukakwama.

Akatoa ya pili. Nayo hivyo hivyo.

Alikaa pale muda, na kunguru wakamzoea. Kwanza alimtetea Del. Akajiambia labda kaibiwa boksi. Labda kampa mtu. Lakini wiki mbili nyuma Del mwenyewe alishamwambia, hata hakuulizwa, kwamba zile za makopo zimeisha zote, amezimaliza kwenye uwanja wa takataka. Halafu Orrin akaukumbuka ule mlango wa pikapu uliofungwa mara mbili asubuhi ile, akajiona mwenyewe barazani na kikombe, anaisikiliza risasi yake aliyoisifu inavyomuua Askofu, anawaza sukari.

Risasi hakuiosha. Moja akaitia mfuko wa shati akafunga kifungo. Nyingine akaifunga kwenye kitambaa. Akateremka na uamuzi wake: atampa Del nafasi. Akisema mwenyewe, hata kama atasema vibaya, hata kama atatukana, basi zote mbili zinaingia chunguni na hakuna askari wa wanyamapori atakayejua. Msimu utapita, goti litaisha, basi. Lakini aseme mwenyewe.

Akampigia simu. Akamwambia shemeji njoo, nataka kusubu chache za nyongeza, mizani yangu siiamini.

Del akaja mchana huo huo na pai imefunikwa kwa taulo, katumwa na Noreen. Akaingia anaongea. Akauliza goti linasemaje, akasema yeye ameshatengeneza toroli ya kumpandishia mlimani, ameiwekea na mto mgongoni, ila akipiga akakosa anarudi kwa miguu. Orrin akacheka. Alijishangaa alivyoweza kucheka. Chungu kilikuwa kimeshapata moto, madini yanang'aa kama kioo, na Orrin akaanza kumimina.

Walikaa kama walivyokaa miaka yote. Orrin anamimina, anagonga kalibu kwa kipande cha mti, risasi zinadondoka kwenye kitambaa. Del anazichambua kwa kidole: nzuri zinakaa, mbovu zinarudi chunguni. Mikono yao haikuhitaji kuambizana.

"Askofu kahama," Del akasema, macho yako kwenye risasi. "Nilimwona jana. Kavuka upande wa pili, kwenye mbuga ya juu. Itabidi tuamke mapema."

"Ulimwona jana?"

"Kwa macho yangu haya. Kanenepa, huamini."

Orrin alimimina, akapitiliza, madini yakafurika juu ya kalibu. Hakuna aliyemwuliza Del. Hakuna aliyemlazimisha kusema neno la Askofu. Angeweza kuzungumza mpira, angeweza kuzungumza theluji.

Akagonga kalibu, risasi mbili zikadondoka, na pamoja nazo Orrin akaiweka ya tatu, ile aliyoitoa mlimani. Akaifunga kalibu, akasubiri.

Kidole cha Del kikaja. Kikaisukuma ya kwanza upande wa nzuri. Kikaisukuma ya pili. Kikaigusa ya tatu, kikasimama. Del akaiokota. Akaigeuza. Pua iliyobonyea, mikwaruzo, nywele. Kidole gumba chake kikapita ubavuni, chenyewe tu, kama kilivyozoea, na ukucha ukakwama pale ulipokwama miaka yote. Chungu kilikuwa kikilia kwa chini chini. Orrin akawa anaomba moyoni, na yeye si mtu wa kuomba. Sema. Sema tu, mwanaume. Sema lolote.

"Hii mbovu," Del akasema, akaitumbukiza chunguni.

Sasa madini yaliyoyeyuka hayataki unyevu, hata tone. Damu ile na kipande kile cha nyama viliposhuka chini, chungu kiliguna, kikatema. Tone likampata Del kwenye mkono wa koti likatoboa, lingine likagonga miwani ya Orrin. Halafu moshi ukapanda, na harufu ikajaa karakana yote, harufu ya nywele na nyama inayoungua, harufu ambayo haijawahi kutoka kwenye vile vipande vya magurudumu. Wote wawili waliinusa. Na madini yalipotulia, kikombe kidogo cha shaba kikaibuka, maana shaba haiyeyuki kwa moto ule. Kikaelea katikati ya chungu, kinazunguka polepole.

"Ilikuwa mbovu kweli," Orrin akasema. "Ina nywele."

"Sijui unaongea nini, shemeji."

"Toka, Del."

Del akatazama chungu, akatazama mlango. Alifungua mdomo, na kwa sekunde moja Orrin alidhani sasa ukweli unakuja, akawa tayari kuupokea hata kwa kuchelewa. Del akasema pai ni ya leo, isikae nje sana. Akatoka. Pikapu ikawaka, ikaondoka kuelekea mjini.

Orrin hakuzima chungu, wala hakufunga mlango. Aliingia kwenye gari lake akaenda kwa dada yake, maana kichwani aliona ni haki ya Noreen kusikia kwa kaka yake kabla hajasikia kwa serikali. Njiani alipanga maneno. Alipanga kumwambia kwa upole, amshike mkono. Maskini, hajui anayelala naye kitanda kimoja.

Noreen alikuwa jikoni anapika jamu ya tufaha, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Orrin akafungua kifungo cha mfuko, akaiweka ile risasi ya pili mezani, katikati ya maganda.

Noreen hakuuliza ni nini.

Hilo ndilo lililomkata Orrin. Mtu ukimwekea kitu kigeni mezani atauliza, hata mtoto atauliza. Noreen aliifuta mikono yake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akavuta kiti.

"Nilimwambia akwambie mwenyewe," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile ile. Unadhani pikapu aliiosha nani?"

Orrin alihesabu kichwani vyakula alivyokula kwenye meza hiyo tangu asubuhi ile. Rosti ya Jumapili. Supu siku ile ya mvua. Noreen akimjazia sahani, akimwuliza goti, akimwambia mwaka huu ni wako, kaka. Pembe ziko wapi, akamwuliza, na Noreen akaelekeza kidevu kwenye ghala la nyasi, kama anamwonyesha koleo lilipo.

Halafu dada mtu akaanza kusema, taratibu, bila kupandisha sauti. Akasema Del ndiye aliyemwona yule mnyama kwanza. Del ndiye aliyepanda kila kiangazi kumtafuta, wakati Orrin anakaa chini na darubini kwa sababu ya magoti. Jina lilipotoka la Orrin, Del alilia kwenye banda la kuku, akanawa uso, ndipo akaja kumnyanyua. Na tangu hapo Orrin kila akimwona habari ni moja, wewe utanitafutia, wewe utanibebea, wewe utapiga picha.

"Alijitolea mwenyewe," Orrin akasema.

"Angesemaje? Miaka yote hii unampa zenye kovu, Orrin. Risasi safi zako, mbovu za Del. Mbele za watu, mnacheka. Na yeye anacheka. Kosa la bisibisi alilifanya akiwa kijana, sasa ana wajukuu, bado anapewa za makopo."

Neno hilo lilimwingia Orrin, na lingemtuliza pengine, kama si jambo moja.

"Nyama, Noreen."

"Aliogopa. Alisikia gari."

"Kichwa cha Askofu ni kizito kuliko paja. Kichwa alikibeba."

Noreen akatazama dirishani. Akasema ukiipeleka hiyo wanamnyang'anya bunduki, leseni, na pikapu, na pikapu hiyo ndiyo inayompeleka yeye kliniki. Akasema baba angekuwepo angeitupa mtoni. Orrin akamwambia baba angekuwepo angeuliza nyama iko wapi. Hapo hawakubishana, kwa sababu wote walimjua mzee.

"Angeniambia tu," Orrin akasema. "Mimi nimempa nafasi leo, mkononi mwake nimeiweka. Kaitupa chunguni. Na wewe ukanipikia pai."

"Mimi ni mke wake."

"Na mimi nani?"

Noreen akaweka kiganja chake juu ya risasi, akaifunika. Hakuishika, aliifunika tu, kama mtu anavyomfunika mdudu. Orrin hakuubandua mkono wa dada yake. Akakaa anasubiri. Wakakaa hivyo, kaka na dada, saa ya ukutani inagonga, mpaka jamu nyuma yao ikafura, ikamwagika kwenye jiko, ikaanza kuungua. Noreen akanyanyuka haraka kuiepua. Alipogeuka tena, meza ilikuwa na maganda ya tufaha tu.

Ofisi ya askari wa wanyamapori iko nyuma ya ghala la nafaka. Askari mwenyewe anaitwa Ilse Brandvold, mama mrefu mwenye mikono ya fundi seremala, na naye anasubu risasi zake nyumbani. Orrin akamwambia mzoga uko wapi, akamwekea risasi juu ya meza. Ilse akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha. Akavuta pumzi.

"Orrin, kabla hujasema kitu," akasema. "Kalibu hii naijua. Mzee wako alishanionyesha, akanihadithia na habari ya bisibisi. Hii risasi ukiiweka mbele ya hakimu inakuja mlangoni kwako wewe."

"Najua."

"Basi fikiri vizuri."

Orrin alifikiri. Alifikiri jinsi ambavyo Del, akiwa kule juu na msumeno, alikuwa na kila nafasi ya kuchimba risasi zake akaondoka nazo. Anajua zinapokaa, kachinja elki maisha yake yote. Hakuchimba. Labda ni haraka. Na labda, hili lilimjia Orrin akiwa amesimama pale na kofia mkononi, labda Del alijua fika zikipatikana zitamtaja nani. Hatajua kamwe. Ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwamba mtu aliyekaa naye benchi moja miaka yote ile, leo hawezi kumwapia hata kwa hilo.

"Nimeisubu mimi," akasema. "Baruti nimepima mimi, nimeshindilia mimi. Aliyepiga ni mume wa dada yangu. Pembe ziko kwenye ghala lake la nyasi."

Ilse akamwuliza kama anataka kahawa. Akasema hapana.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa linagusa mlima. Ndipo alipokumbuka chungu. Alikiacha kinawaka, mlango wazi, karakana imejaa mbao na baruti kopo zima. Akakimbia kadiri goti lilivyomruhusu, anategemea kukuta moshi.

Hakukuwa na moshi. Chungu kilikuwa kimezimwa, waya umechomolewa ukutani na kuzungushwa vizuri, mizunguko midogo midogo, ncha imechomekwa ndani, vile anavyozungusha mtu mmoja tu duniani, shemeji yake. Kalibu ilikuwa imefutwa na kupakwa mafuta isishike kutu. Kopo la baruti limewekwa mbali, kwenye rafu ya juu. Pai ilikuwa pale pale ilipoachwa, imefunikwa taulo.

Orrin akachungulia chunguni. Madini yalikuwa yameganda, kijivu, sawasawa kama bwawa la majira ya baridi, na katikati kile kikombe cha shaba kimeshikwa humo, ukingo wake unang'aa. Akakijaribu kwa kidole. Hakikutikisika. Bisibisi ilikuwa hapo benchini, karibu na mkono wake.

Hakuichukua. Kisha akachukua kifuniko cha chungu, akafunika, akaitoa pai kwenye taulo lake, akawatupia kuku wake.